Aliyempa Jina Ndiye Aje

Nalufenya, Jinja
10 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa Erisa,

Nakusalimu katika Bwana aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi zetu. Huku tuko wazima, ila vumbi la kiangazi limenishika kifua, nakunywa tangawizi mpaka nanuka kama duka la viungo. Jirani zangu bado wanakuulizia: "Yule mzee wa magereza anayecheka kama jenereta atarudi lini?" Mkamwana wako Racheal hajambo? Mwambie lile vazi lake la gomesi nimelishona, nangoja tu mkanda.

Barua hii nampa dereva wa lori la sukari kama siku zote. Watu wananicheka, wanasema, "Mama Cissy, siku hizi nani anaandika barua?" Nawajibu kwamba kaka yangu alipigiwa simu moja ya habari za boti, akaitupa ile simu chooni, na tangu hapo hajashika nyingine. Basi wananiacha.

Sasa neno lenyewe. Unamjua Madam Jigna, binti wa marehemu Hasmukh, ninayempikia wageni wake wanaokwenda ziwani kutazama ndege. Safari hii wageni wamechoka na visiwa vya karibu. Wanataka Lungazi. Huko ni mbali, hakuna duka, hakuna mnara wa simu, msitu unashuka mpaka majini. Wenyeji wake wanaishi kwa desturi zao za zamani, wana mawe ukiyagonga yanalia kama kengele ya kanisa, na kwenye majabali kuna duara nyekundu zilizochorwa na watu ambao hakuna anayewajua. Wageni wakisikia hayo macho yanawaka. Mimi nikisikia Lungazi natafuta kazi nyingine jikoni. Unajua ni kwa nini. Boti ile aliyopotea nayo mwanao ilikuwa inaelekea upande huo.

Nimwambie Jigna atafute mpishi mwingine? Sema neno nami nitalifuata. Naogopa maji, kaka, na naogopa zaidi yaliyo ng'ambo ya maji.

Dada yako,
Cissy


Namatala, Mbale
21 Februari 2025

Mdogo wangu Cissy,

Amani ya Kristo ikae nawe. Barua imefika, imenuka sukari guru mpaka sisimizi wakaifuata mezani. Sisi hatujambo. Paa la kanisa letu linavuja upande wa kwaya, na mimi ndiye mzee wa kanisa, kwa hiyo matone yote yanahesabiwa ni yangu. Racheal yuko, anauza nyanya zake, anasema ahsante kwa gomesi.

Mzee Masaba wa ukoo alikuja tena Jumapili na wenzake. Hakungoja hata chai imiminwe. "Erisa," akasema, "mwaka wa pili unakwisha. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, tunakata mgomba, tunauvika nguo zake, tunauzika, watu wanalia, mke anafunguliwa. Wewe unangoja nini?" Nikamwambia, mwanangu si mgomba. Akasema, "Sikusema ni mgomba." Nikamwambia basi msizike mgomba. Akaondoka amekasirika.

Cissy, nenda Lungazi. Wewe Mungu amekufungulia njia niliyoiomba. Watu huokotwa majini wakaishi ugenini, wakaoa, wakasahau. Ukifika usizungukezunguke. Uliza waziwazi, kwa jina lake: Griffin mwana wa Erisa, mweusi, ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, akicheka anaziba mdomo. Taja jina kwa sauti ili kila mtu asikie. Mtu akisikia jina lake hugeuka.

Nakuombea Zaburi ya tisini na moja asubuhi na jioni. Usiogope.

Kaka yako,
Erisa


Kisiwani Lungazi
12 Machi 2025

Kaka Erisa,

Nakusalimu, na ninatumaini nyumbani ni salama, na paa la kwaya limezibwa. Mimi mwili hauna neno, nakula, nalala kidogo. Barua hii naipeleka kwa wanunuzi wa dagaa wa mukene wanaokuja kila baada ya siku kadhaa. Wanachukua karatasi. Mimi hawanichukui.

Wacha nieleze polepole.

Tulifika vizuri. Kaka, ni mahali pazuri kwa namna inayotisha. Miti mikubwa, popo wengi juu yake kama matunda meusi, kenge wanaota jua njiani na hawakupishi, wewe ndiye unayepita pembeni. Wenyeji walitupokea kwa heshima. Mkubwa wao ni mwanamke mzee, wanamwita Nabirye, maana alizaa mapacha. Aliwapeleka wageni kwenye michoro, akawagongea lile jiwe, likalia, na mzungu mmoja akalia machozi. Jigna alifurahi. Nikasema moyoni, Bwana, niliogopa bure.

Siku ya pili wanawake walikaa nami kumenya matoke. Walinitania kwa kuombea sufuria. "Wewe mpishi, unapika au unahubiri?" "Anaombea yasiungue, amezoea kuunguza!" Tulicheka sana. Nikaona hapa ndipo. Nikasema kwa sauti kama ulivyoniagiza, namtafuta kijana wetu aliyepotea na boti mwaka juzi, anaitwa Griffin mwana wa Erisa.

Visu vilisimama. Mwanamke mmoja akapindua chungu chake mdomo chini. Nabirye akasema, "Umemwita nani hapa?" Mimi mjinga nikadhani masikio yake ni mazito, nikalitaja tena, kwa nguvu zaidi. Ndipo binti yake akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye utomvu.

Hapa, kaka, mtu aliyekufa majini jina lake halitajwi kisiwani. Wanasema jina likitajwa bure, mwenyewe anaamka na kumfuata aliyemwita, mpaka majini, mpaka kwenye boti. Tulipokuwa tunapakia vyombo, Sulait mwendesha boti akanizuia kwa kasia. "Mama, nina watoto. Wewe siwezi kukubeba. Ukipanda, na yeye anapanda."

Jigna akamjia juu. "Sulait, wewe si Mwislamu? Unaamini mambo haya?"

"Madam, Uislamu wangu ninao. Kuogelea ndiko sina."

Wageni walikuwa na ndege ya kuwahi Entebbe. Waliondoka. Jigna alilia, akaniachia blanketi lake na dawa za malaria, akaapa ataleta boti nyingine. Nabirye akanipa kona kwake. Hajanitukana hata mara moja. Alisema neno moja tu: "Aliyempa jina ndiye aje alichukue."

Ni wewe, Erisa. Ni wewe uliyempa jina. Binti wa Nabirye amenieleza: unakuja, unaligonga jiwe, unamwita mwenyewe, basi mimi naachiliwa. Njoo upesi. Usiku nasikia maji yakipiga mawe na ninahesabu watu chumbani kwa pumzi zao, kuona kama wameongezeka.

Cissy


Namatala, Mbale
27 Machi 2025

Mdogo wangu,

Salamu katika Bwana. Tumepokea habari zako na tumesikitika. Huku mvua imeanza, njia ya Namatala imekuwa mto, hata wauza mkaa wamepanga mawe ndipo wapite. Goti langu la kulia limevimba. Paa bado. Pasaka inakaribia na mchungaji ametuagiza tuandae wabatizwa, wengi wao ni watu wazima wagumu kukariri.

Jambo lako nimelipeleka kwenye maombi ya Jumatano bila kutaja kila kitu. Hizo ni kazi za giza, Cissy. Mimi mzee wa kanisa nitaonekanaje nikigonga jiwe la mizimu? Watu wataniuliza nini? Jigna ana uwezo, apeleke polisi wa majini wakutoe. Wewe ni raia, hujafungwa na mahakama yoyote. Nimefanya kazi magereza miaka mingi, najua mtu hawezi kushikiliwa bila karatasi.

Ulisahau kuniandikia walijibu nini kuhusu lile kovu.

Racheal anakusalimu sana. Gomesi imefika, mkanda ni mzuri.

Kaka yako,
Erisa


Kisiwani Lungazi
5 Aprili 2025

Kaka Erisa,

Salamu. Pole kwa goti, na pole kwa wabatizwa. Barua yako niliisoma juu ya jabali, nikaisoma tena, nikatafuta mahali uliposema unakuja. Sikupaona.

Polisi walikuja. Jigna hakulala mpaka akawapata. Afande mmoja mrefu, kwa sauti yake ni mtu wa kaskazini, alishuka majini, bunduki begani, viatu mkononi. "Mama, panda twende nyumbani. Hakuna sheria ya jina." Nilikuwa nimeshika blanketi langu tayari. Nabirye alikuwa anaanika samaki, hata hakusimama. Akasema, "Aende. Hatujamfunga. Lakini akitoka hivi, sisi tutanyamaza, leo na siku zote."

Nilisimama na maji magotini. Kaka, mtu asiye na neno hana cha kunyamazia.

Afande akaniuliza, "Mama, unakuja?" Nikamwambia hapana. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, akaniachia biskuti. Boti ilipokuwa inapotea nilikaa chini mchangani nikalia kama mtoto aliyeachwa shuleni, maana naogopa, Erisa. Jua likikaribia kuzama, wanawake wawili huchukua maji na mfagio, wanapita nyuma ya majabali mahali nisiporuhusiwa. Wanarudi bila kusema. Juzi jiwe lililia na hakukuwa na mtu karibu nalo. Labda ni nyani. Nasema ni nyani ili niweze kulala.

Unauliza habari za kovu. Hawajajibu, kwa sababu mimi siye wa kujibiwa. Na mimi nina langu la kukuuliza. Ulikaa magereza na wauaji, ukawafungia milango, ukacheka nao. Leo jiwe ndilo linakutisha? Jiwe ni jiwe. Hata mimi nampenda Yesu, na Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro alimwita kwa jina mbele za watu. Unaogopa kuja kwa sababu ukija utaambiwa. Na ukiambiwa hutaweza tena kutoambiwa.

Nimekwama hapa kwa jina ulilonituma nilitaje. Sikulaumu. Nakungoja.

Cissy


Namatala, Mbale
17 Aprili 2025

Cissy,

Hatujambo.

Barua yako nilimsomea Racheal jioni kama ninavyomsomea zako zote. Nilipofika pa kunyamaza kwao niliruka. Nikaendelea na biskuti. Akasema, "Baba, umeruka. Macho yameshuka lakini mdomo haukushuka." Akaichukua mkononi mwangu akaisoma yote, kimya, amesimama mlangoni.

Kila siku, tangu ile simu, nimemtaka apakue sahani ya Griffin. Hukuambiwa hilo. Anapakua, anafunika, asubuhi anawapa kuku. Jana hakupakua. Nikamwuliza, sahani iko wapi? Akapiga magoti mbele yangu kama mkamwana mwema, akasema, "Baba, nimechoka kumpikia mtu ambaye hamsemi amekufa wala hamsemi yu hai. Nami ni mtu. Nendeni mkaulize." Kisha akasema, "Na shangazi yake ataozea huko kwa ajili yetu?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Naja baada ya Pasaka. Nitalala Nalufenya nyumbani kwako, Sulait atanichukua kwa boti yake. Mchungaji nimemwambia ukweli. Akasema niende na Biblia yangu.

Usiwaambie ni mtu jasiri anayekuja. Nilipoandika neno boti hapo nyuma jasho lilinitoka. Wafungwa hawakunitisha kwa sababu nilijua wamefanya nini. Hiki ninachokwenda kukijua sikijui, na nakijua.

Erisa


Nalufenya, Jinja
5 Mei 2025

Kaka yangu,

Namshukuru Mungu, nimelala kitandani kwangu, na bado nikiamka nasikia maji. Majirani walichinja kuku. Jigna alinikumbatia mlangoni mpaka mkufu wake ukaniacha alama. Nimekwenda Mbale kumwona Racheal kama ulivyoniagiza. Yuko kwenye mkeka, wanawake wa kanisa wamemzunguka, amelia kilio ambacho kilikuwa kimekaa ndani yake siku zote. Mzee Masaba alikuja pia, akavua kofia, akasema habari ya mgomba haipo tena. Alikuwa mpole.

Najua hukuona mengi siku ile, Sulait anasema ulikuwa umefumba macho tangu boti ilipoondoka Jinja, umeng'ang'ania mkono wa Sulait mpaka akaendesha kwa mmoja. Basi nakuambia nilichoona. Uligonga jiwe mara moja, likalia, Nabirye akasema, "Baba, mwite." Mdomo wako ukafunguka hakuna kilichotoka. Niliogopa, Erisa. Nilidhani utageuka, utarudi ndani ya boti, na tutakaa hivi wote mpaka kufa. Kisha ukamwita kwa majina yake yote, kama siku ya ubatizo wake, na sauti yako ilikuwa ile ya kuita wafungwa uwanjani. Wanawake wote wakapiga mayowe ya msiba, na Nabirye akakushika mkono akatupeleka nyuma ya majabali.

Pale palipofagiliwa kila jioni. Sikujua wanafagia nini. Nilikuwa nikiogopa kaburi la mtoto wetu.

Maneno yake nayarudia kitandani: "Alikuwa na kovu kwenye nyusi. Tulimwosha, tukamfunga kwa gome la mti, tukamlilia kwa zamu. Tulidhani hana watu."

Sasa niambie. Ulisema nitangulie, utafuata Sulait akirudi kukuchukua; naye amerudi bila wewe. Anasema ulisimama ufukweni ukampungia mkono aende. Ni maji unayoogopa? Au umekaa pale kaburini hutaki kuondoka? Wewe siku zote hukuweza kumwacha, na naogopa sasa umempata ndiyo utabaki naye. Racheal anauliza. Mchungaji anauliza. Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Cissy


Kisiwani Lungazi
18 Mei 2025

Mdogo wangu Cissy,

Bwana asifiwe kwa kufika kwako salama, na kwa kuku. Mimi sijambo, goti limepona, labda ni kupanda majabali. Mwambie mchungaji nasoma Neno kila asubuhi na Nabirye anasikiliza, anasema Ayubu ni mtu wa kisiwani kabisa.

Sikukaa kwa sababu ya maji, wala kaburini sikai. Sulait alipokuja kunichukua nilikuwa nimefunga mkoba. Tulikuwa tunashuka ufukweni, mimi na yeye, nikawa mbele. Ziwa lilikuwa limeleta mtu.

Nilitaka kukimbia. Nakuambia wewe, sitamwambia mwingine. Miguu ilikuwa imeshageuka. Sulait alirudi nyuma akisoma dua zake. Nikaita watu, wakaja, na Nabirye alinitazama tu, kama mtu anayengoja mwenzake aanze kuinua upande wake wa mzigo. Hakuna anayelazimishwa hapa. Lakini nikafikiria mikono iliyomwosha mwanangu, ilikuwa mikono ya nani, na kama nayo haikuogopa.

Basi nikampungia Sulait aende.

Tulimwosha. Nilikuwa nikiogopa muda wote, na kazi ikafanyika hivyohivyo. Tulimfunga, tukamlaza jirani na Griffin. Wakanipa zamu ya kwanza ya kumlilia, nami sikujua nitamliliaje mtu nisiyemjua. Nikakaa. Nikawaza kwamba mahali fulani kuna mtu ameshika simu anaogopa kuifungua, au ameitupa. Nikalia, Cissy. Nililia mpaka jioni, machozi ya huyu na ya mwanangu yakitoka pamoja.

Nitarudi na boti ijayo. Mwambie Racheal anitandikie mkeka karibu na wake.

Lakini barua hii nataka initangulie kwa jambo moja. Huko Nalufenya, sokoni, kanisani, hata msikitini mwulize Sulait, sikiliza kama kuna watu wanaomtafuta kijana mrefu, jino la mbele limevunjika nusu, ana uzi mwekundu kifundoni mwa mkono wa kulia, kama ule wanaofunga Wahindu kina Jigna hekaluni. Huenda ni wa kwao, huenda alipewa tu na rafiki. Ukiwapata usiwaambie amekufa, si kazi yako wala yangu. Waambie tu aliyempa jina aje Lungazi, na asilitaje njiani.

Na kama mtu huyo ataogopa, na ataogopa, mwambie mtoto wake hakulala peke yake. Nilikuwepo.

Kaka yako,
Erisa